Mita Mia na Arobaini Mpaka kwa Mwanakombo

Baba yangu hajui kukaa. Mwekee kiti barazani, atakikalia kwa muda wa nusu kikombe cha chai, halafu utasikia "ngoja kidogo," na ukigeuka kiti kiko peke yake. Mama alikuwa akisimulia kwamba siku ya harusi yao padri alirudia swali mara mbili, kwa sababu bwana harusi alikuwa anaangalia nyaya za kipaza sauti zilivyofungwa ovyo kwenye nguzo ya kanisa. Niliichukulia hadithi ile kama utani wa wazee, mpaka nilipobaki naye peke yangu katika nyumba moja.

Anaitwa Leodegar. Hapa mtaani kwetu Kipawa wanamwita Fundi Simu, ingawa ana miaka kumi na mitatu tangu astaafu, na simu zenyewe za mezani watoto wa siku hizi hawazijui. Kwa miaka thelathini na mmoja alipanda nguzo, akafukua mitaro na kuunganisha nyaya za shaba kutoka Temeke mpaka Kinondoni. Kazi aliyoipenda zaidi ilikuwa kutafuta mahali waya ulipokatika. Alipewa namba ya simu iliyokufa, akatoka na kipimo chake, akapima kutoka upande huu, akazunguka na kupima kutoka upande wa pili, kisha akasimama mahali fulani barabarani na kuwaambia vibarua wachimbe hapo. Anasema hakuwahi kuchimbisha watu shimo la bure. Mimi nadhani aliwahi, mara mbili tatu, ila huwezi kumwambia.

Mama yetu, Eufrazia, alifariki miaka minne iliyopita. Kaka yangu Brightson anaishi Mwanza na mke na watoto. Baada ya kuanua matanga ndugu walikaa kikao kuulizana nani atabaki na mzee, wakawa wanaulizana huku wote wananitazama mimi, kwa kuwa sikuwa na mume wala dalili ya mume. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa. Nikasema sawa, na shangazi mmoja akaniletea soda kwa jinsi alivyofurahi.

Naomba nieleweke. Baba hajawahi kunifokea, wala hajawahi kuninyima kitu. Lakini nikifunga mlango wa chumba changu, anakumbuka kuna parafujo ya dirisha haijakazwa, anagonga. Nikitoka, anasimama getini mpaka nirudi. Nikichelewa saa moja, namkuta ameshafungua redio, ameshaitoa utumbo wote na kuupanga juu ya gazeti, kwa sababu mikono yake ilihitaji kitu cha kushika wakati anasubiri. Nina miaka thelathini na mitatu na bado nilikuwa naeleza nilipokuwa. Nilikuwa nimechoka. Na nilikuwa naona aibu kwa kuchoka, maana wenzangu wana wazazi walevi, mimi nalalamikia mzazi anayenipenda.

Mwaka huu, masika yakiwa yamekolea, nikapata kazi. Kampuni ya wageni inayopokea simu za wateja wa mahoteli, unazungumza nao kwa kompyuta. Barua pepe yao ilieleza mambo mawili. La kwanza, unaweza kufanyia kazi nyumbani kama mtandao wa nyumbani utafaulu mtihani: programu yao inakaa kwenye laptopu yako na kupima kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni, Jumatatu hadi Ijumaa. Kasi isishuke chini ya megabiti ishirini, na mtandao usikatike kwa zaidi ya dakika tano. La pili, atakayeshindwa ataenda kufanyia kazi ofisini kwao Kinondoni, ambako zamu inaanza saa kumi na moja alfajiri. Kutoka Kipawa huwezi kufika Kinondoni saa kumi na moja alfajiri kila siku. Ungehitaji kuishi huko huko.

Rafiki yangu Asifiwe alikuwa tayari kwenye kampuni hiyo. Alikuwa amepanga Kinondoni, na chumba cha pili kwenye nyumba yake kilikuwa wazi. Aliniambia kina dirisha kubwa na mlango wenye ufunguo mmoja tu. Nilikifikiria ule ufunguo mmoja siku nzima.

Kwa hiyo nilimpelekea baba habari kwa namna yangu. Nilimweleza kuhusu mtihani, nikaweka uso wa huzuni, nikasema kwetu haiwezekani. Mtandao wa simu nyumbani kwetu unakuja na kuondoka kama unavyotaka wenyewe. Watu wa faiba walikuja mwaka jana wakasema waya wao unaishia barabarani, kwenye nyumba ya Mwanakombo mwenye duka, na kuteremka uchochoroni mpaka kwetu hawatateremka. Basi itabidi niende Kinondoni, nikamwambia. Nilikuwa nategemea aseme pole mwanangu.

"Kutoka kwa Mwanakombo mpaka hapa ni mita ngapi?" aliuliza, na alikuwa ameshasimama.

Zilikuwa mia moja na arobaini. Alizipima kwa hatua, kisha kwa utepe, kisha kwa hatua tena kuuhakiki utepe. Waya wa mtandao hauendi vizuri zaidi ya mita mia, hilo alilijua, kwa hiyo akatafuta kituo cha katikati. Akakipata kwa Kasiani, jirani yetu mchonga vinyago, ambaye karakana yake ina umeme na iko karibu nusu ya njia. Mwanakombo akakubali faiba ifungwe kwake kwa sharti kwamba wanawe nao waitumie. Kasiani akakubali kisanduku kidogo cha kuupokea mtandao na kuusukuma mbele kichomekwe kwenye soketi yake, bila sharti lolote, kwa sababu Kasiani ni mtu wa namna hiyo. Ndani ya siku tatu shughuli ilikuwa imeshika kasi, na mimi nimesimama na uso wangu wa huzuni ambao sasa haukuwa na kazi.

Waya aliutoa Tabata, kwa mtu anayeitwa Stanley aliyekuwa anafunga duka lake la intaneti na kuuza alichoweza kuuza. Huyo huyo Stanley ndiye aliyempa vile vikompyuta viwili. Usifikirie kompyuta yenye kioo. Ni bodi moja tupu, ukubwa wa kitambulisho, matundu ya kuchomekea nyaya yamejipanga pembeni, basi. Stanley alivitumia kurushia matangazo kwenye televisheni za ukutani. Akamfundisha baba amri mbili tatu, baba akaziandika kwenye daftari kubwa kwa herufi za kuchapa: kimoja unakiweka mwanzo wa waya, kingine mwisho, kimoja kinamimina data na kingine kinapokea, na baada ya sekunde kumi unapata namba ya kasi. Alirudi nyumbani uso unang'aa. Aliniambia kwamba dunia yote imebadilika lakini kazi yake ni ile ile, kupima waya kutoka pande zote mbili.

Namba ya kwanza ilikuwa tisini na nne.

Nilimwambia hongera, kampuni inataka ishirini tu. Ndani ya moyo wangu chumba cha Kinondoni kilikuwa kinafungwa. Lakini baba hakufurahi hata kidogo. Alinieleza kwamba waya mzima wa aina ile ulitakiwa kutoa mara kumi zaidi, na waya unaotoa tisini na nne badala ya mia tisa ni mgonjwa, na mgonjwa hapewi kazi ya siku tano bila kupumzika. Mvua moja tu ataanguka. Akavaa viatu.

Siku kumi zilizofuata sitazisahau. Alikata vichwa vya waya na kubana vipya. Aliuhamisha waya mbali na nyaya za umeme, akaupandisha juu ya paa la Kasiani, akaushusha tena. Kila badiliko lilihitaji kipimo, na kwa kuwa hakumwamini mtu mwingine kusoma taa za upande wa pili, alikwenda mwenyewe: kwetu mpaka kwa Kasiani, kwa Kasiani mpaka kwa Mwanakombo, na kurudi, mara kumi na tano kwa siku, daftari kwapani. Akiwa katikati ya maelezo na ndege ya abiria ikipita juu kwa kelele, alinyamaza na kidole hewani mpaka ipite, kisha akaendelea kutoka neno lile lile. Mwanakombo alinivuta pembeni akaniuliza kwa upole kama mzee tumbo linamwendesha.

Akaamua kupima nusu nusu, kama zamani. Nusu ya kwetu, kutoka kwa Kasiani, ilitoa mia tatu na kidogo, ikagoma hapo. Alihangaika nayo siku tatu nzima, mpaka Stanley alipomwambia kwa simu kwamba kimoja cha vile vikompyuta ni cha zamani, hakiwezi kuvuka mia tatu hata ukikifunga na mwenzake kwa kipande cha mita moja. Baba akavifunga kwa kipande cha mita moja. Mia tatu na kidogo. Alicheka mpaka akajifuta macho, akasema amempima mgonjwa siku tatu kumbe kipimo chenyewe ndicho kinaumwa. Kwa hiyo nusu ya kwetu ilikuwa nzima. Ugonjwa ulikuwa kwenye nusu ya Mwanakombo, ambako namba ilibaki tisini na nne, ukifanya hivi tisini na nne, ukifanya vile tisini na nne.

Na hapa lazima niseme jambo ambalo sikulisema wakati ule. Waya wa nusu ile Stanley aliutoa ukiwa vipande viwili, na baba alikuwa ameviunga. Aliviunga kama alivyounga simu maisha yake yote: akafungua zile nyaya nane ndogo, akasokota kila moja na mwenzake kwa vidole, akazungushia utepe mweusi, akaifunika jointi kwa chupa ya plastiki isiingie maji. Ilikuwa jointi nzuri sana. Alimwita Kasiani aje aione, fundi akimwonyesha fundi mwenzake kazi ya mkono. Na mimi, siku ya pili tu ya kupima, nilisoma kwenye simu yangu kwamba nyaya za mtandao haziungwi hivyo, kwamba zile nyaya zimesokotwa mbilimbili makusudi na ukizifumua na kuziunga kwa mkono unaua kasi, na mvua ikinyesha unaua na mtandao wenyewe. Kosa la fundi wa simu, hasa aliye stadi. Alipima kila kitu isipokuwa mkono wake.

Nilisoma, nikaizima simu, nikanyamaza. Siku nane nilimwangalia mzee wa miaka sabini na tatu akipita kwenye jua na kwenye matope mbele ya dirisha langu, nikijua mahali penyewe kwa sentimita. Nilijiambia kwamba simdanganyi, nimekaa kimya tu.

Alhamisi ya wiki iliyotangulia mtihani ikanyesha mvua kubwa. Mtandao ukafa kabisa. Baba akatoka na mwavuli uliovunjika upande mmoja, nikamwona kwa mbali amesimama chini ya waya, ameshika ile chupa ya plastiki, hafanyi kitu. Alisimama muda mrefu. Aliporudi alikuwa na jointi mkononi, ameikata pande zote mbili.

"Koku," alisema, "ni mkono wangu."

Nilimpa taulo. Nikasema hakuna mtu ambaye angejua, na sauti yangu ilitoka vizuri tu, sijui ilitokea wapi. Kesho yake alikwenda Kariakoo akaleta waya mpya usio na kiungo. Jioni, kutoka kwa Mwanakombo mpaka kwetu, mita zote mia na arobaini, vikompyuta vilitoa mia tatu na kidogo, ambayo ndiyo iliyokuwa mwisho wao. Aliandika namba, akapiga mstari chini yake mara mbili.

Mtihani ukaanza Jumatatu. Umeme haukukatika wiki ile, Mungu alikuwa upande wa baba. Kitu kilichobaki kumtia hofu kilikuwa soketi ya Kasiani. Sisi wote tumelelewa tukizima soketi kila tunapotoka chumbani, na Kasiani amelelewa hivyo zaidi ya wengine. Aliwahi kuzima friji ya watu alipokwenda kuwatembelea. Baba akabandika karatasi juu ya swichi: USIZIME, na chini yake sahihi yake nzima, kama cheti. Jumatatu tukapita. Jumanne tukapita. Baba alikuwa anakuja kuitazama laptopu kila baada ya dakika kumi, anainama, anasoma rangi ya kijani, anaondoka. Jumatano, Alhamisi, kijani. Vile vikompyuta vyake navyo, kimoja kwa Mwanakombo na kimoja kwetu, viliandika hali ya mtandao kila sekunde, usiku na mchana, maana hakuiamini programu ya kampuni kuliko kazi yake mwenyewe.

Mimi nilikuwa siwezi kula. Nilijiambia basi, imeandikwa, nitabaki, mbona wengine wanabaki. Asifiwe aliniuliza kama chumba akishikilie. Nilimwambia asubiri mpaka Ijumaa.

Ijumaa saa nne asubuhi nilikwenda kwa Kasiani kurudisha chupa yake ya chai ambayo baba alikuwa amesahau kumrudishia. Kwa kweli nilitaka tu kutoka ndani, kuwa mahali ambapo hamna taa ya kijani. Nikamkuta Kasiani anapiga msasa meza. Ilikuwa ya mninga, pana, miguu minene, na ukingoni alikuwa amechonga majani membamba ya mgomba, yale ya kwetu Bukoba, kitu ambacho hakuna mtu angemwambia isipokuwa baba. Aliona nimeiona, akakuna kichwa.

"Mzee alisemaga nisikwambie mpaka kesho," alisema. "Ya kazi yako. Kapima dirisha lako mwenyewe. Kaniambia Kasiani, nataka ya kudumu, asije akabadilisha. Hii, sista, hii utazeekea."

Akaniambia nikae, ngoja anifuatie maji ya baridi kwa Mwanakombo, maana nilionekana kama ninaumwa. Akaenda.

Nilibaki na ile meza. Niliweka mkono juu yake, ilikuwa nzuri kuliko kitu chochote nilichowahi kupewa. Nikajiona nimekaa hapo, dirishani kwangu, miaka kumi, miaka ishirini, na mlango unagongwa kwa ajili ya parafujo. Nikasimama, nikaenda ukutani, nikasoma jina la baba kwenye karatasi, nikabonyeza swichi. Taa za kisanduku zikazimika zote mara moja. Saa ya simu yangu ilisema saa nne na dakika kumi na nne. Nilihesabu dakika sita nimesimama, na ukiniuliza nilikuwa nafikiria nini nitakwambia nilikuwa nasubiri nijisikie vibaya vya kutosha niiwashe mapema. Sikuiwasha mapema. Nilipobonyeza tena, Kasiani alikuwa mlangoni na chupa ya maji, na mkono wangu ulikuwa bado uko ukutani.

Alinipa maji. Aliniuliza kama nasikia nafuu. Halafu akachukua msasa wake.

Majibu yalikuja saa kumi na mbili na nusu jioni. Nilimsomea baba: mtandao ulikatika dakika sita, mtahiniwa ameshindwa sharti, aripoti ofisini Kinondoni Jumatatu. Niliusoma ujumbe hadi mwisho bila kuinua macho. Baba alikwenda kwenye kikompyuta chake, akakichomeka kwenye televisheni, akashuka na kidole kwenye mistari mpaka saa nne na dakika kumi na nne, akanakili kwenye daftari. Akavaa viatu akatoka, na nilijua anakwenda kwanza kwa Mwanakombo, upande wa mbali, kisha atarudi katikati.

Alirudi giza likiwa limeshaingia. Alisimama mlangoni kwangu, hakuvua viatu. Akaniambia amezungumza na Kasiani, na Kasiani amesema alizima yeye kwa bahati mbaya, mkono umezoea, anaomba radhi sana.

Nilishusha pumzi. Naona aibu kuandika hivyo, lakini nilishusha pumzi.

Baba akaendelea, taratibu, kama mtu anayesoma ripoti. Upande wa Mwanakombo kikompyuta kilikuwa hai wakati ule. Upande wetu kilikuwa hai. Umeme wa mtaa ulikuwepo. Kwa hiyo kilichozimika ni kisanduku cha katikati peke yake, na kisanduku hakizimiki na kuwaka chenyewe kwa dakika sita. Ni mkono. Na Mwanakombo, ambaye anawasha redio yake dukani kila saa, alimwambia bila hata kuulizwa kwamba taarifa ya habari ya saa nne ilipokwisha Kasiani alikuwa kaunta kwake, ananunua maji ya baridi, wamekaa wanapiga soga mpaka saa nne na robo ikapita. Kasiani alisema anamnunulia mgeni.

"Kasiani ni mtu mwema," baba alisema. "Kaniangalia usoni akasema uongo, na hajui kusema uongo."

Ndege ilipita. Alingoja ipite, na mimi niliomba isipite.

"Hukutaka kukaa hapa," alisema.

"Ndiyo, Baba."

"Ungeniambia."

Nilikuwa nimeanza kulia na hasira ikanijia papo hapo, hasira ya miaka minne. Nikamuuliza, kama ningemwambia, angekubali? Nilidhani atasema ndiyo, kama wazazi wanavyosema. Lakini baba alilichukua swali kama anavyochukua maswali yote, akalizungusha, akalipima.

"Nisingekubali," alisema. "Lakini ungeniambia."

Nikakaa kitandani. Yeye bado amesimama, mkono mmoja kwenye fremu ya mlango, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba mguu wake wa kushoto umevimba kifundoni, kwa ile safari ya mara kumi na tano kwa siku. Hakuniuliza kitu kingine. Angeweza kugeuka akaondoka, na mimi ningebaki na lile moja tu ambalo hakulijua, na hakuna kikompyuta kilichokuwa kimeliandika popote.

"Baba," nilisema. "Ile jointi yako. Nilijua kuwa ndiyo yenye shida. Nilijua tangu siku ya pili."

Alinitazama. Aliangalia viganja vyake, kimoja baada ya kingine, akavirudisha chini. Nilifikiri sasa atanifokea, na nilitamani anifokee.

"Siku ya pili," alisema.

"Ndiyo."

Akatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyeonyeshwa mahali pa kuchimba. Akauliza kama chumba cha huko Kinondoni kiko ghorofani au chini. Nikamwambia chini. Akasema basi meza itaingia, ila miguu itabidi Kasiani aifungue, na gari tukodi asubuhi na mapema, kwa sababu mchana kuna foleni.